Sura za TikTok pekee hazitabeba msimu
Nimesoma makala inayodai eti vichekesho vipya vya runinga vya msimu ujao vitawarudisha Wakenya mbele ya runinga kwa sababu vimejaa nyota wa TikTok na YouTube. Hapo sikubaliani na makala hiyo hata kidogo. Vichekesho vyetu vilivyodumu vilijengwa juu ya mahali na hali, umaarufu ukafuata baadaye. Vioja Mahakamani ya KBC, shirika la utangazaji la taifa, ilikuwa na kizimba, hakimu na kiongozi wa mashtaka, basi. Kila kipindi analetwa mshtakiwa na kesi yake ya ajabu, Ondiek Nyuka Kwota anaanza kujitetea, na nyumba nzima hoi kwa kicheko. Katika Papa Shirandula ya runinga ya Citizen, marehemu Charles Bukeko alicheza mlinzi anayemficha mkewe kazi anayoifanya. Uongo huo mmoja ulilisha kipindi kwa miaka, maana yeyote anayefika pale getini anaweza kuufichua. Inspekta Mwala naye, katika kipindi chenye jina lake, alikuwa na kituo chake cha polisi. Kijana anayechekesha kwa dakika moja kwenye simu ana kipaji, sikatai (wengine nawafuata mwenyewe), lakini nusu saa inamtaka mtu aliyekaa chini akaandika, na katika makala nzima sijaona jina la mwandishi wa kipindi hata mmoja. Wenzangu, kuna aliyesikia kisa chenyewe cha kipindi chochote kati ya hivyo vipya, au sote tumeonyeshwa mabango ya nyuso tu?