Neno "kukanyagana" linatupotosha

Kila umati unapoua watu nchini, tunayapa maafa hayo jina lile lile: kukanyagana. Lile "-ana" la mwisho limeshatoa hukumu, kwamba watu wamefanyiana wenyewe. Februari 1, 2020, Moshi ilipoteza watu 20 waliosongamana kwenda kukanyaga mafuta ya upako. Machi 21, 2021, Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, wakati wa kumuaga Rais Magufuli, walikufa 45 kwa hesabu ya polisi, na maelezo yakawa kwamba wapo waliokosa subira, wakalazimisha kuingia. Kesho yake maombolezo ya kitaifa yalikuwa hapa kwetu Dodoma, Uwanja wa Jamhuri.

Vyombo vya ulinzi vinapotaka mageti machache na kila mtu apekuliwe, vina sababu. Arusha ya mwaka 2013 haijasahaulika: Mei bomu kanisani Olasiti, Juni bomu kwenye mkutano wa hadhara wa Chadema. Askari ni wachache, na kila geti la ziada linahitaji watu wa kulisimamia. Ni kweli pia kwamba wapo wanaoruka foleni na kuparamia kuta.

Sasa tupige hesabu. Tuseme kumpekua mtu mmoja ni sekunde 10, kazi ya haraka kweli kweli. Njia moja ya ukaguzi itapitisha watu 360 kwa saa; njia nne, 1,440. Wanatarajiwa watu 10,000, geti linafunguliwa saa mbili asubuhi, mgeni rasmi anaingia saa nne. Kufikia hapo wameingia 2,880. Wengine 7,120 wako nje, juani, wengine na watoto mgongoni, na ngoma wanaisikia imeshaanza. Hata kama wote wangekuwa watulivu kama waumini kwenye sala, foleni ile ingehitaji karibu saa saba kwisha. Hao tutawaambia walikosa subira ipi?

Chora chini kwa kijiti mraba wa mita moja kwa mita moja. Wanne wataenea. Wataalamu wa mikusanyiko wanasema wakizidi watano hatari imeingia, na wakifika saba hakuna tena anayeamua aende wapi. Umati unamchukua kama maji ya korongo wakati wa masika. Wengi wanaokufa hapo hawakanyagwi na mtu. Wanakufa wamesimama wima, kifua kimebanwa, mbavu hazina nafasi ya kupanuka. Aliye nyuma anasogea nusu hatua tu, wala hajui kuna mtu mbele anakata roho, kwa sababu asiye na pumzi hapigi kelele.

Waingereza walipita njia hii hii. Mwaka 1989 mashabiki walibanwa katika uwanja wa Hillsborough, na waliokufa ni 97. Lawama ziliwaangukia mashabiki. Familia zilihangaika hadi mwaka 2016, ndipo baraza la wazee wa mahakama liliposema mashabiki hawakuwa na kosa. Miaka 27 ya kubeba msiba pamoja na aibu isiyo yao. Waliofiwa wa kwetu wanaambiwa nini?

Ukaguzi ubaki, mimi siupingi. Ninachopinga ni kuubana mlangoni. Dodoma nafasi tunayo. Pale Nzuguni penye viwanja vya Nane Nane meza 20 za ukaguzi zinaenea mbali kabisa na geti, na kwa mwendo ule ule wa sekunde 10 watu 7,200 wanapita kwa saa. Askari wakipungua, geti lifunguliwe alfajiri. Na milango ya kutokea isipigwe kufuli watu wakiwa ndani. Ikilazimika kufungwa, mwenye ufunguo asimame pale pale mlangoni, asiwe jukwaa kuu.