Aliulizwa Keki, Hakuulizwa Kigali

Tarehe 12 Aprili 2022 polisi wa London walimtoza Boris Johnson faini. Kosa lake lilikuwa kukusanyika na watu kusherehekea siku yake ya kuzaliwa mwaka 2020, wakati amri ya korona ya serikali yake mwenyewe inawakataza wananchi kukusanyika ndani. Kabla yake hakuna Waziri Mkuu wa Uingereza aliyewahi kupatikana amevunja sheria akiwa bado kwenye kiti. Siku mbili tu zikapita. Tarehe 14 akasimama kwenye kiwanja kidogo cha ndege huko Kent akatangaza kwamba wanaovuka bahari kwa maboti ya mpira watapelekwa Rwanda, na kwamba Rwanda ina uwezo wa kupokea makumi ya maelfu.

Habari zilikuwa zimeshavuja tangu usiku. Mimi nilizisikia alfajiri kwenye redio ya jikoni, namalizia zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mwiko mkononi, uji wa shayiri unatokota. Mwenzangu wa zamu akasema, "Huyu anafunika keki kwa Rwanda." Tukacheka. Siku hizi sicheki.

Nina kinyongo na yule bwana mpaka leo, na si kwa sababu ya keki. Kwa keki aliulizwa, tena akabanwa. Julai 2022 mawaziri wake walimkimbia mmoja baada ya mwingine, na Juni 2023 kamati ya Bunge inayosimamia haki na kinga za wabunge ikaandika kwamba aliwapotosha wabunge makusudi kuhusu zile sherehe. Wakati huo alikuwa ameshajiuzulu ubunge, baada ya kuonyeshwa mapema kamati imeamua nini. Sawa, haki ilitendeka. Lakini kwa aliyoyasema juu ya wageni, nani alimwita kwenye kiti aapishwe, aulizwe?

Chukua habari ya Uturuki. Kwenye kura ya maoni ya 2016 kambi yake, ya kuitoa Uingereza katika Umoja wa Ulaya, ilibandika matangazo kwamba Uturuki, yenye watu milioni 76, inajiunga na Umoja huo. Haikuwa inajiunga, na mpaka leo haijajiunga. Johnson mwenyewe alitia saini barua kwa David Cameron, Waziri Mkuu wa wakati huo, akilitaja jambo hilo hilo. Januari 2019 mwandishi wa habari alipomuuliza, akajibu kwamba hakusema lolote juu ya Uturuki katika kampeni ile. Macho makavu kabisa. Na huyu ni kitukuu cha Ali Kemal, mwandishi na waziri wa dola ya Waturuki, aliyemwacha mwanawe akalelewa Uingereza. Mwenyewe kazaliwa New York. Mtu ambaye ukoo wake umevuka mipaka kiasi hicho angeweza kuizungumza habari ya uhamiaji kwa undani kuliko wanasiasa wengi wa kule. Alichagua kuifanya tarumbeta.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Jukwaani alikuwa akipiga kelele za kufunga mlango, huku mlango wa uani anaufungua mwenyewe. Februari 2022, wiki chache kabla ya Kent, serikali yake iliruhusu nyumba za wazee kuajiri watunzaji kutoka nje, kwa sababu wenyeji hawaitaki kazi ile kwa mshahara ule. Nusu ya wenzangu wa zamu walikuja kwa viza hiyo. Hesabu ya serikali ilikuja kuonyesha kwamba katika mwaka ulioishia Juni 2023, walioingia walizidi waliotoka kwa watu zaidi ya 900,000. Haijawahi kutokea. Wanafunzi walikuwemo, Waukraine walikuwemo, watu wa Hong Kong walikuwemo, na watunza wazee walikuwemo. Waliovuka kwa maboti mwaka 2022 hawakufika 46,000. Sasa niambie, hotuba ngapi zilitolewa juu ya wale laki tisa, na ngapi juu ya wale wa maboti? Mimi sipingi wenzangu kuajiriwa. Napinga kuletwa kimyakimya kwa sababu unahitajika, halafu ukiwasha televisheni unasikia wewe ndiye msiba wa taifa.

Nina rafiki, mtu wa Goma. Alivuka Mei 2022, na mpango ulikuwa unawagusa wote walioingia kwa njia hiyo tangu Januari 1. Tulifahamiana kanisani, kwa Kiswahili, ingawa chake na changu kila kimoja kina mambo yake. Siku aliyoelewa vizuri hiyo Rwanda ni ipi, alinitazama kama mtu anayengoja nimwambie ni utani. "Mukubwa," akasema, "nizunguke dunia yote, halafu banirudishe kwa mulango ya jirani?" Goma ya Kongo na Gisenyi ya Rwanda zimegusana. Unavuka kwa miguu.

Ndege ya kwanza ilipangwa kuruka usiku wa Juni 14, 2022. Ilizuiwa dakika za mwisho, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilipoingilia. Siku moja kabla yake, Juni 13, waasi wa M23 walikuwa wameuteka mji wa Bunagana, mpakani mwa Kongo na Uganda. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamesema zaidi ya mara moja kwamba Rwanda inawasaidia M23, Kigali inakana. Huko London sikusikia mtu akiyaunganisha mambo hayo mawili. Rafiki yangu aliyaunganisha kwa simu yenye kioo kilichopasuka, amekaa ukingoni mwa kitanda, katika chumba cha hoteli ya waomba hifadhi anachogawana na Mwiritrea.

Yaliyofuata yanajulikana. Novemba 15, 2023 majaji wote watano wa Mahakama ya Juu walisema mpango ni haramu. Johnson alikuwa ameshaondoka, mpango uko mikononi mwa Waziri Mkuu Rishi Sunak, na Aprili 2024 Bunge likapitisha sheria ya kutamka kwamba Rwanda ni salama. Kama vile kupitisha sheria kwamba mvua hailowanishi. Keir Starmer aliposhinda uchaguzi wa Julai 2024 aliuzika, na waziri wake wa mambo ya ndani akawaambia wabunge kwamba umekula pauni milioni 700. Waliokwenda ni 4, nao kwa hiari yao. Kule Kigali, Hope Hostel, mahali palipowahi kulea yatima wa mauaji ya kimbari, vitanda vilitandikwa vikangoja wageni zaidi ya miaka miwili.

Na rafiki yangu? Alingoja na yeye. Katikati ya 2023 watu zaidi ya 175,000 walikuwa wakisubiri uamuzi wa kwanza tu wa maombi yao ya ukimbizi. Hakuwa na ruhusa ya kufanya kazi. Aliishi kwa pauni zisizofika 10 kwa wiki. Alijifunza kujua saa kwa harufu ya chakula cha hotelini. Hakuna aliyemwambia hapana, hakuna aliyemwambia ndiyo. Faili lake halikuwa na ubaya wowote, ila kulishughulikia kungekuwa kukiri kwamba mpango wa Rwanda hauendi popote.

Aliitwa kuhojiwa mwishoni mwa 2024. Januari 2025 M23 wakaingia Goma. Jibu lake lilikuja Machi: miaka 5 ya kukaa kama mkimbizi. Alinunua soda mbili, tukanywa kwenye kituo cha basi.

Kisha Novemba ya mwaka ule ule wa 2025 serikali, ya hawa waliouzika mpango wa Rwanda, ikatangaza kwamba inataka hadhi ya ukimbizi ikaguliwe upya kila baada ya miezi 30, na makazi ya kudumu yangojewe miaka 20. Usiku huo nilikuwa kazini. Simu ikatetemeka mfukoni nikiwa namgeuza mzee mmoja kitandani. Nilipopata nafasi nikaifungua: picha ya habari ile, na chini yake maneno matatu.

"Mukubwa, inanihusu miye?"