Foliki asidi kwenye unga: turutubishe kwanza au tupime damu kwanza?

Geuza nyuma pakiti ya unga wa ngano kwenye duka lolote la Dar es Salaam. Mara nyingi utakuta, kwa maandishi madogo, chuma, zinki, vitamini B12 na foliki asidi, yaani vitamini B9 ya kutengenezwa. Si mbwembwe za mwenye kiwanda. Kanuni za urutubishaji wa vyakula za mwaka 2011 ndizo zinazomtaka kiwanda aongeze virutubishi hivyo, na Kenya ilifuata njia hiyo mwaka 2012. Hoja ya kuvitia vyote inajulikana, ila foliki asidi ndiyo yenye ubishi, kwa kuwa inamfikia kila mlaji wa chapati, awe mjamzito, mzee au mtoto, bila mtu kumpima kwanza.

Wanaotetea urutubishaji huanza na kalenda ya mimba. Mrija wa neva wa mtoto, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa. Siku hizo mwanamke anajiona amechelewa wiki mbili tu, kama amegundua lolote. Mrija usipojifunga vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na wengi wao hupata pia kichwa kikubwa. Hao ndio wanaopelekwa MOI, taasisi ya mifupa na mishipa ya fahamu pale Muhimbili, kufanyiwa upasuaji na kuwekewa mrija wa kutoa maji kichwani. Mwaka 1991 utafiti mkubwa wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza ulionyesha kwamba wanawake waliokuwa wamewahi kupata mtoto wa namna hiyo, wakipewa 4 mg za foliki asidi kila siku kabla ya kushika mimba, hatari ya tatizo kujirudia ilishuka kwa asilimia 72.

Sasa linganisha na hali ya kliniki zetu. Mama hupewa vidonge vya kuongeza damu, ndani yake mna chuma na foliki asidi, lakini wengi huanza kliniki mwezi wa nne au wa tano. Vidonge hivyo vinamkinga na upungufu wa damu, ila mgongo wa mtoto ulishajifunga au kushindwa kujifunga zamani. Mchicha na maharage vina foleti, yaani vitamini hiyohiyo katika hali yake ya asili, lakini huyeyuka kwenye maji na kuharibika kwa moto, na sisi mboga tunaichemsha kisha maji tunamwaga. Kwa hiyo, wanasema, dawa ipitie mahali ambapo mama hahitaji kukumbuka chochote, yaani kwenye unga. Marekani ililazimisha hilo kuanzia Januari 1998, mikrogramu 140 kwa kila gramu 100 za nafaka, na watoto wanaozaliwa na kasoro hizo wakapungua kwa karibu theluthi.

Upande wa pili si wa watu wa kupinga sayansi, na kuwabeza ni kujidanganya. Hoja yao ya zamani kabisa ni B12. Mtu aliyepungukiwa B12 akipewa foliki asidi nyingi, damu yake hurudi vizuri kiasi kwamba daktari anaridhika, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya. Wanaohofiwa zaidi ni wazee, na wale ambao nyama, samaki na maziwa ni vya sikukuu. Uingereza, pamoja na kuwa utafiti wa 1991 ulitoka kwao, ilikaa miaka thelathini ikibishana hadi ilipotangaza mwaka 2021 kwamba italazimisha urutubishaji.

Hoja ya pili ni ya kwetu kabisa: Pemba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watoto wadogo wa kisiwa hicho waliingizwa kwenye jaribio kubwa la kuwapa chuma na foliki asidi kila siku. Sehemu hiyo ya jaribio ilisimamishwa mwaka 2003, kwani waliopewa virutubishi hivyo walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufariki au kuugua hadi kuhitaji hospitali. Lawama zilielekezwa zaidi kwa chuma, kwenye mazingira ya malaria kali. Lakini kuna jambo husahaulika katika kuisimulia Pemba: watoto ambao kweli walikuwa na upungufu wa chuma na wa damu, na ambao malaria ilifuatiliwa na kutibiwa, hali zao zilikuwa nafuu. Yaani kujua nani amepungukiwa kulibadilisha matokeo. Wanaotaka tupime kwanza hawana ushahidi wenye nguvu kuliko huu.

Na malaria haiishii hapo. SP, dawa ya kukinga malaria tunayowapa wajawazito, huua vimelea kwa kuvinyima foleti. Mama akimeza kile kidonge kidogo cha njano cha foliki asidi cha 5 mg kinachouzwa maduka ya dawa, anailegeza SP yenyewe. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri kipimo cha 0.4 mg. Kiasi kinachopatikana kwenye unga hakifiki huko, hivyo hoja hii inagusa kaunta ya dawa kuliko mkate.

Basi tupime. Lakini tupime nini? Foleti iliyo kwenye majimaji ya damu inaonyesha mtu alikula nini siku za karibuni. Akila kunde jana, leo anaonekana tajiri. Ile iliyo ndani ya chembe nyekundu inaonyesha akiba ya miezi mitatu au minne, kwa kuwa chembe hiyo inaishi kama siku 120. Hiyo ndiyo inayohusiana na mgongo wazi, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliweka mstari wake: chini ya nanomoli 906 kwa lita, wanawake wa jamii hiyo kwa ujumla hawajakingwa vya kutosha. Mstari huo ni wa jamii nzima. Huwezi kumwambia Mama Asha mmoja kwamba kwa kuwa ana 880 basi mimba yake iko hatarini.

Kujua kama jamii imeufikia mstari huo ni kazi. Kipimo kinachopendekezwa hutumia bakteria wanaohitaji foleti ili kukua: kadiri damu ilivyo na foleti ndivyo bakteria wanavyoongezeka, na ukungu wao kwenye kichupa ndio unaosomwa. Sampuli lazima ichanganywe na vitamini C mapema, igandishwe kwenye baridi kali, isafiri bila kuyeyuka. Chembe zikipasuka njiani, foleti yake humwagika kwenye majimaji na kuyapandisha kiudanganyifu. Zaidi ya hayo, mashine za hospitalini na bakteria hawatoi namba moja, hivyo nchi inaweza "kupona" au "kuugua" kwa kubadilisha maabara tu.

Hapa ndipo penye uzito kwangu. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam baada ya ngano kuanza kurutubishwa ulikuta upungufu wa foleti kwa wanawake umeshuka kutoka kama robo yao hadi asilimia chache. Ni habari njema, lakini kilichopimwa ni plazma, yale majimaji ya damu, na mstari uliotumika ni wa upungufu wa kawaida, si ule wa kukinga mgongo wa mtoto. Tena ni wanawake wa mjini, wenye maandazi kila asubuhi. Mwanamke wa kijijini Dodoma anasaga mahindi yake kwenye mashine ya jirani. Hakuna kiwanda kinachoyaona. Vifaa vya kuchanganyia virutubishi kwenye mashine ndogo vipo, na shirika la Sanku limekuwa likivifunga, ila mashine za kusagia nchini ni nyingi mno na mwenye mashine anataka kujua faida yake.

Kwa hiyo nasimama na wanaorutubisha. Kusubiri kipimo kamili cha taifa ni kuwaacha watoto wazaliwe na kasoro inayozuilika. Lakini sikubaliani nao wanaposema kupima ni anasa. Unga wenyewe upimwe dukani na si kiwandani pekee, maana lebo haina foleti. Na utafiti ujao wa afya ya jamii uchukue damu ya wanawake wachache wa mjini na wa kijijini, walaji wa ngano na wa dona, upime chembe nyekundu kwa njia ya bakteria, na damu hiyohiyo ipimwe B12. Gharama kubwa ni kumfikia mwanamke huyo na kuifikisha sampuli ikiwa imeganda. Ukishafika, kuongeza kipimo cha pili hakuongezi safari.