Mgeni Njoo, Mwenyeji Aishiwe Chaji

Jamani, nisikilizeni mwenzenu. Nimekaa zangu ndani ya basi, safari ya kutwa nzima, usingizi umeshaanza kunichukua, mara simu inaita. Bosi.

"Ile ripoti iko wapi?"

Ripoti imo ndani ya laptopu. Laptopu imo ndani ya begi. Begi liko chini ya miguu yangu, na miguu yangu iko njiani.

"Naitaka kabla ya saa kumi." Akakata. Hata safari njema hakusema.

Saa tisa na dakika tano. Nikajiambia, kwani shida iko wapi? Simu ina intaneti, laptopu ina ripoti, nawakutanisha hawa wawili, dakika mbili nimerudi kulala. Aliyenidanganya hivyo ni mimi mwenyewe, kwa hiyo simlaumu mtu.

Nikawasha hotispoti, simu igawe intaneti yake kwa Wi-Fi. Hotispoti yangu nimeipa jina HAINA INTANETI, makusudi kabisa, maana watu wa safarini nawajua. Ukiacha jina la kueleweka, basi zima linakuwa ndugu zako. Nenosiri nalo halikubali kupungua herufi 8, mimi nikaweka 19, na kila nikikaribia kulimaliza dereva anapanda tuta. Mara ya tatu nikaamua kulitamka kidogokidogo ili vidole vifuate mdomo. Hapo ndipo nilipokosea.

"Kaka," ikasikika sauti ya kijana kiti cha nyuma, "hotispoti hiyo ni yako? Niunganishe basi, dakika moja tu."

"Kifurushi kimeisha, mdogo wangu," nikajibu bila kugeuka, huku kioo cha laptopu mbele yangu kinatangaza kwamba nimeunganishwa.

"Sawa, kaka." Ile sawa yake haikunipendeza, lakini nani ana muda.

Sasa ngoja niwaeleze tabia ya laptopu, maana hapa ndipo tunapoumizwa. Simu inajua kwamba inaishi kwa kifurushi. Imekulia humo. Picha nzito inasubiri Wi-Fi, programu kujisasisha inasubiri Wi-Fi, inajibana kama mtoto wa nyumba yenye watu wengi. Laptopu haina habari hiyo. Yenyewe ikishika hotispoti inaona Wi-Fi, basi, inadhani tumefika kwa tajiri. Haijui kwamba nyuma ya hiyo Wi-Fi kuna mwenyeji mmoja mnyonge mwenye MB 1,000 na chaji asilimia 41.

Na mgeni huyu haya hana. Sijafungua hata barua pepe, ameshakumbuka kwamba hajajisasisha wiki tatu. Akaanza. Akakumbuka picha za harusi ya binamu yangu hazijapelekwa kwenye wingu, yaani ile hifadhi ya mtandaoni. Akaanza kuzipeleka, pamoja na ile video ya dakika nne ambayo nilisahau kwamba kamera inarekodi, nikarekodi zulia. Programu ya kuzuia virusi nayo ikaona isiachwe nyuma. Mimi nimekaa natazama tu, kama baba mwenye nyumba anayewaona wageni wanafungua kabati.

Ujumbe ukaingia: umetumia asilimia 75 ya kifurushi chako.

Nimetumia nani? Mimi? Ripoti yenyewe ina MB 14 na bado sijaigusa!

Najua, najua, kuna mjuaji hapo anataka kuniambia kwamba kwenye mipangilio kuna mahali pa kuiambia laptopu kuwa mtandao huu ni wa kupimiwa, yaani data yake ina kikomo, nayo inapunguza tamaa. Kaka, hicho kitufe nakijua, nilikiwasha tangu mwaka jana. Ila alama ile inafuata jina la mtandao. Ukibadilisha jina la hotispoti, kwa laptopu huo ni mtandao mwingine kabisa, na tabia inarudi upya. Na mimi jina la HAINA INTANETI nililiweka juzi, kwa ujanja wangu, ili nisiibiwe data na watu wa kwenye basi.

Haya. Nikakiwasha tena, nikazima picha, nikazima kila nilichoweza kuzima. Simu wakati huo imepata moto, ukiishika unafikiri ina homa. Nayo si ya kulaumiwa: mkono mmoja inahangaika na minara huko nje, mkono mwingine inagawa Wi-Fi humu ndani. Chaji asilimia 22.

Nikakumbuka waya. Waya wa USB una heri mbili, intaneti inapita humohumo na simu inapata chaji kutoka kwenye laptopu. Laptopu inaipa simu umeme, simu inaipa laptopu mtandao, maskini wawili wanakopeshana. Begini nina nyaya tatu. Wa kwanza nikachomeka, simu ikasema inachaji, laptopu ikasema haioni kitu. Wa pili vilevile. Kumbe zipo nyaya za chaji tupu, ndani hazina nyuzi za kupitisha data, na kwa nje zinafanana na wenzake kama mapacha. Wa tatu ukakubali. Urefu wake, kiganja kimoja na nusu.

Nikajaribu pia Bluetooth, maana haili sana chaji. Jina hilo wamelitoa kwa mfalme wa Denmaki wa karne ya 10, Harald Bluetooth, yaani Harald Jino la Buluu, anayesifiwa kwa kuwaunganisha Wadenmaki. Mfalme kaunganisha watu wenye mapanga, simu yangu na laptopu yangu zilizolala paja moja kashindwa. Na hata ingekubali, kasi yake ni ya kinyonga.

Ingawa nisikufuru. Mimi nimeyaona ya zamani, miaka ya 2000 mwanzoni, simu na laptopu zinaunganishwa kwa miale ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Unaziweka mezani zitazamane jicho kwa jicho, kama mahasimu wanaopatanishwa, halafu laptopu inapiga *99# kuomba data. Mtu akipitisha mkono katikati kuchukua kalamu, umekatika. MB 1 ilikuwa inachukua dakika tatu na zaidi. Tulikuwa tunatuma barua pepe, tunaenda kuoga. Lakini angalau laptopu ya wakati ule ilikuwa na adabu, ikiambiwa peleka barua inapeleka barua.

Turudi kwenye basi. Mtandao ukashuka, kijiti kimoja. Basi ni bati, na vioo vingine hupakwa utando mwembamba wa madini kuzuia jua, utando huohuo unazuia na mawimbi ya simu. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alionyesha mwaka 1836 kwamba aliye ndani ya kizimba cha chuma hafikiwi na umeme wa nje. Basi letu lilikuwa limemwamini moja kwa moja. Halafu tunakimbia, kila baada ya muda simu inauaga mnara huu inabisha hodi kwa ule. Palipobaki na nafuu ni kwenye ule upenyo wa dirisha uliofunguliwa, na dirishani amekaa mama mmoja mtu mzima. Waya wangu haufiki huko. Yaani ama chaji, ama mtandao. Nikachomoa waya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba unishikie simu hapo kwenye upenyo, kuna kazi inapita."

Akaipokea kwa mikono miwili, akaiinua kama mtu anayemulikia fundi taa. "Hivi?"

"Juu kidogo. Hapohapo! Usitikisike, mama."

"Na nikichoka?"

"Badilisha mkono."

Vijiti vitatu! Nikaambatisha ripoti, nikabonyeza. Asilimia 9. Asilimia 15. Na hapa pana utapeli mwingine mdogo: kasi ya mtandao wanaihesabu kwa biti, faili lako linahesabiwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Unaona megabiti moja kwa sekunde, unaona MB 14, unasema sekunde 14 hizo. Ni sekunde 112, na hapo ni kama minara ina moyo mweupe. Asilimia 40. Mama hatikisiki, Mungu amlipe. Asilimia 61. Nimebana pumzi kama mimi ndiye ninayesukuma. Asilimia 83.

Simu ikaita.

Laiti mngejua ubaya wa simu kuita wakati simu inafanya kazi ya intaneti. Mahali ambapo sauti haipiti kwenye 4G, simu ikipigiwa lazima ishuke 3G au 2G kuipokea. Ikiangukia 2G, data inakaa pembeni inasubiri watu wamalize kuongea. Nikataka kuruka nimwambie mama akate. Mama ameshapokea.

"Haloo? ... Yupo. ... Amekaa hapa anavuja jasho. ... Mimi? Mimi nimeshika simu."

Nikamfanyia ishara ya kukata, kidole shingoni. Akanitazama kwa masikitiko, akaziba simu kwa kiganja.

"Mwanangu, ni bosi wako. Mtu hakatiwi simu hivyo, si adabu." Akarudi hewani. "Ehee baba, na nyumbani hawajambo? ... Watoto je? ... Hee, sita! Mungu akukuzie. ... Huyu kijana wako anahangaika kweli, usimgombeze. ... Anasema nisitikisike. ... Sijui, kazi inapita, ndivyo alivyoniambia."

Dakika sita. Nimezihesabu. Bosi wangu, ambaye mimi hajawahi kunipa dakika mbili kamili, amempa mama wa dirishani dakika sita na majina ya watoto.

"Mtu mwema sana," mama akanirudishia simu. "Amesema anapiga kuuliza mbona ripoti haijafika."

Kwenye laptopu: imeshindikana kutuma, jaribu tena. Nikabonyeza jaribu tena. Pakatokea kijidirisha katikati ya kioo, kimejaa furaha, kinaniambia kwamba sasisho limekamilika lote na kompyuta inawashwa upya. Kumbe lenyewe lilishapakuliwa mapema, kabla sijakiwasha kile kitufe, lilikuwa linajisakinisha kimyakimya wakati mimi namwongoza mama juu kidogo, chini kidogo. Kioo cheusi. Kiduara kinazunguka. Usizime kompyuta yako. Nani azime? Nikatazama simu, asilimia 2. Nikaitazama tena, na yenyewe ikanitazama mara ya mwisho, ikazima.

Saa kumi kasoro dakika nane laptopu ikaamka, imenawa uso, mpya kabisa. Ripoti ipo. Intaneti hakuna. Nikafungua orodha ya mitandao, kwa mazoea tu, maana HAINA INTANETI safari hii lilikuwa jina la kweli.

Palikuwa na mtandao mmoja. Vijiti vimejaa vyote, uko karibu sana, kama nyuma ya shingo yangu hivi. Jina lake: NILIOMBA NIKANYIMWA.

Nikageuka polepole. Kijana amevaa visikizio, anatazama mpira, hana habari na mtu.

"Mdogo wangu," nikasema, "za huko nyuma?"