Usiseme "Mwache Alale" Kabla Hujahesabu Pumzi

Usiku ule Baba alikoroma, nasi tukafurahi. Kwa wiki nyingi alikuwa hapati usingizi. Kisukari kilikuwa kimeshaharibu neva za miguu yake, na nyayo zilimwaka moto hata shuka likimgusa tu. Juu ya hayo, ndiyo kwanza alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Kwa hiyo tuliposikia mkoromo ule mzito kutoka chumbani, Mama alishusha pumzi akasema, "Mwacheni alale, maskini, leo amepata nafuu." Tukafunga mlango polepole.

Shangazi ndiye aliyeufungua tena. Amefanya kazi ya uuguzi maisha yake yote, na mkoromo ule haukumpendeza. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akaweka kiganja juu ya kifua cha Baba, akaitazama saa yake ya mkononi. Dakika nzima hakusema kitu. Kisha akasema, "Saba." Akaanza kumwita, "Kaka! Kaka, amka!" huku akimsugua mfupa wa kifua kwa vifundo vya vidole. Baba alifumbua macho nusu, akatamka neno ambalo hakuna aliyelielewa, akazama tena. Mboni za macho yake zilikuwa ndogo kama ncha ya kalamu.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Baba alikuwa anapumua mara 7. Ule mkoromo uliotufurahisha ulikuwa sauti ya koo lililolegea, hewa ikipenya kwa taabu.

Alipona. Alipelekwa hospitali, akawekewa oksijeni, akachomwa sindano ya naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya dawa kali za maumivu kama mofini, akalala huko siku mbili chini ya uangalizi. Nimekaa na jambo hili muda mrefu kabla ya kuliandika, na kila nikilirudia nafika palepale: hakuna dawa hata moja aliyomeza kimakosa. Kila kidonge kilikuwa na cheti chake, na kila cheti kilikuwa na sahihi ya daktari.

Daktari wa kisukari alimwandikia gabapentini kwa ajili ya miguu. Daktari wa mifupa, mahali pengine kabisa, alimwandikia mofini kwa ajili ya nyonga. Alipoulizwa na huyu wa pili kama kuna dawa nyingine anazotumia, Baba alijibu kweli tupu kwa jinsi alivyojua: "Natumia vidonge vya mishipa." Nilikuwepo. Nilisikia jibu hilo na sikuongeza neno, kwa sababu nyumbani sote tuliviita hivyo. Kwa masikio ya wengi, vidonge vya mishipa ni vitamini, kitu cha kutia nguvu. Kalamu ikaendelea kuandika. Jina tulilolizoea wenyewe ndilo lililoificha dawa.

Gabapentini si vitamini. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1993 kama dawa ya kusaidia kutuliza kifafa, na baadaye ikaonekana inafaa maumivu ya neva, kama yale yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Pregabalini, ndugu yake, ilifuata mwaka 2004. Zote mbili hujishikiza kwenye vijilango ambavyo kalsiamu hupitia kuingia katika ncha za neva. Kalsiamu inayoingia ikipungua, neva hupunguza ishara za maumivu inazotuma. Lakini dawa haichagui kutuliza neva ya nyayo peke yake. Hutuliza na ubongo pia, ndiyo maana watu wengi huanza kuitumia wakiwa na kizunguzungu na usingizi mzito.

Upande wa pili kuna dawa za jamii ya afyuni: mofini, kodeini, oksikodoni, fentanili, na tramadoli ambayo wengi huichukulia kama kidonge chepesi. Hizi zina tabia moja ambayo kila nyumba yenye mgonjwa ingepaswa kuijua. Chini ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo, kuna sehemu inayopima hewa ukaa katika damu. Hewa hiyo ikizidi, sehemu ile huamrisha mapafu yavute. Hatukumbuki kupumua tukiwa usingizini kwa sababu kuna mlinzi anayekesha kwa niaba yetu. Afyuni humsinziza mlinzi huyo. Ukimwongezea dawa nyingine inayosinziza ubongo wote, amri ya kuvuta pumzi hufika kwa kuchelewa, au isifike kabisa.

Kuna na jambo la utumbo, ambalo nililijua baadaye sana na likanishangaza. Afyuni hupunguza mwendo wa utumbo, ndiyo maana watumiaji wake hufunga choo. Gabapentini nayo hufyonzwa katika sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, kupitia njia finyu yenye kikomo. Utumbo ukienda polepole, dawa hukaa pale muda mrefu zaidi na sehemu kubwa zaidi huingia mwilini. Katika jaribio moja, watu wenye afya njema walipewa miligramu 60 za mofini, kisha miligramu 600 za gabapentini saa mbili baadaye. Gabapentini iliyoingia katika damu yao iliongezeka kwa asilimia 44. Idadi ya vidonge ni ileile iliyoandikwa kwenye cheti, lakini mwili umepokea zaidi.

Halafu figo. Hapa ndipo roho inaponiuma zaidi. Gabapentini haivunjwi na ini. Hutoka mwilini kama ilivyoingia, kupitia mkojo. Figo zikidhoofika, hubaki na kurundikana, na dozi lazima ipunguzwe. Mofini nayo huvunjwa na ini, lakini mabaki yake yenye nguvu husubiri figo yatolewe. Sasa fikiria ni nani hasa anayeandikiwa dawa za maumivu ya neva: mara nyingi ni mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi, na kisukari kilekile kilichomla neva za miguu ndicho kinachomla figo. Anayezihitaji dawa hizi kuliko wengine ndiye mwenye uwezo mdogo wa kuzitoa mwilini. Figo za Baba zilikuwa zimeshuka. Majibu ya maabara yalikuwepo, yamekunjwa ndani ya bahasha kwenye kabati, na hakuna aliyeyaomba siku ile ya cheti cha pili. Hata sisi hatukujua kwamba yanahusika.

Sisemi haya kwa kumtegemea Baba peke yake. Mwaka 2017 watafiti wa jimbo la Ontario, Kanada, walichapisha uchunguzi wa watumiaji wa dawa za afyuni. Waliokuwa wameandikiwa gabapentini pia walikuwa na uwezekano wa kufa kutokana na afyuni uliozidi wa wenzao kwa takriban nusu. Mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari kwamba gabapentini inaweza kudhoofisha upumuaji hata bila afyuni kuwepo. Desemba 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani nayo ikaonya, baada ya kupitia taarifa 49 za wagonjwa waliopata shida ya kupumua wakitumia dawa hizi za neva. Kati yao 12 walifariki, na wote 12 walikuwa na jambo lingine la kuwaongezea hatari, iwe dawa nyingine ya kusinziza au ugonjwa unaodhoofisha upumuaji. Idadi hiyo ni ndogo kwa dawa inayomezwa na mamilioni, nakubali. Lakini maelezo ya wale 12 yanamfaa kabisa mgonjwa wa kawaida ninayemjua mimi: mzee, mapafu si imara, ana dawa nyingine mkononi.

Wapo watakaosoma hadi hapa wakasema basi dawa hizi zisikutane kamwe. Siwaungi mkono. Mwaka 2005 lilichapishwa jaribio la wagonjwa wenye maumivu ya neva yaliyotokana na kisukari au mkanda wa jeshi, na mofini ikiunganishwa na gabapentini ilituliza maumivu kuliko kila moja ikiwa peke yake, tena kwa dozi ndogo zaidi za kila moja. Nimemwona mtu akilia usiku kwa sababu ya shuka. Sina ujasiri wa kumwambia mtu kama huyo, au mgonjwa wa saratani ambayo imefika kwenye neva, kwamba avumilie. Ninachokipinga ni dawa hizi kukutana kwa bahati, ndani ya tumbo la mgonjwa, bila mtu mmoja aliyekaa akaamua zikutane. Anayeamua hupunguza dozi, huanza na kidogo, hutazama figo kwanza, hupandisha taratibu. Vyeti viwili visivyojuana haviwezi kufanya hivyo.

Napinga pia mazoea ya kuongeza gabapentini kwa kila mtu anayefanyiwa upasuaji, kwa matumaini kwamba atahitaji afyuni kidogo. Mwaka 2020 ulichapishwa uchambuzi wa majaribio 281, na nafuu iliyoonekana katika maumivu ilikuwa ndogo kiasi kwamba mgonjwa asingeitambua, huku kizunguzungu kikiongezeka. Kwa mtu ambaye neva zake hazina tatizo, sioni sababu ya kubeba hatari hii.

Nirudi nyumbani sasa, maana hatari yenyewe huja usiku na daktari hayupo. Sisi tunaouguza tumezoea kuyatazama maumivu. Akikunja uso tunaongeza kidonge, akitulia tunashukuru. Kwa mgonjwa aliye na dawa hizi mbili, cha kutazama ni usingizi wake. Aliyelala kwa amani ukimgusa bega hugeuka, hulalamika kwamba umemsumbua, husema sentensi inayoeleweka. Aliyezidiwa na dawa humwamshi, au huamka nusu kisha akazama katikati ya neno. Kabla ya hapo huwa ameanza kusinzia kijiko kikiwa mkononi, ulimi mzito, amechanganyikiwa siku na saa. Hesabu kifua kinavyopanda na kushuka kwa dakika nzima, usihesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili, kwa sababu pumzi hizi huja kwa mafungu na kuacha mapengo. Chini ya 12, usimwache peke yake na usimpe dozi inayofuata mpaka umeongea na mtaalamu. Zikikaribia 8, au ikiwa haamki, hiyo ni dharura, hata kama bado hujahesabu vizuri. Mlaze kwa ubavu, ita msaada, kaa naye. Akiacha kupumua, mpulizie pumzi. Kwa ngozi nyeusi usisubiri kuona rangi ya bluu usoni. Mfunulie midomo uangalie ufizi, tazama kucha na viganja kama vimegeuka kijivu.

Naloksoni ikiwepo, itumike. Humwondolea mgonjwa nguvu ya afyuni katika dakika chache. Haiigusi gabapentini, kwa hiyo anaweza kuanza kupumua vizuri na bado akabaki amelewa usingizi, na naloksoni yenyewe huisha nguvu mapema kuliko baadhi ya dawa za afyuni. Lazima afike hospitali hata akikaa akaomba maji.

Siku za kwanza za kuanza dawa ya pili, na siku chache baada ya kupandisha dozi yoyote, ndizo za kukesha zaidi. Pombe, vidonge vya usingizi na zile dawa za mafua zinazosinziza huongeza uzito uleule. Anayekoroma na kukatika pumzi usingizini tangu zamani amwambie daktari hata kama hakuulizwa.

Na tafadhali, aliyesoma haya na ana dawa zote mbili mezani asikimbilie kuzitupa. Gabapentini ikikatwa ghafla inaweza kuleta degedege, na afyuni ikikatwa ghafla humtesa mtu vibaya. Beba maboksi yote, si majina ya kukumbuka kichwani, umpelekee daktari au mfamasia mmoja ayaone yote pamoja na majibu ya figo.

Sisi sasa tunaandika. Daftari la Baba lina jina la dawa kama lilivyo kwenye boksi, miligramu, saa, na nani aliyeandika cheti. Neno "vidonge vya mishipa" Mama amelipiga marufuku.

Miezi kadhaa baadaye nyonga ile ilihitaji kurekebishwa, na maumivu yakawa hayazuiliki bila mofini. Safari hii daktari alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Aliuliza kuhusu figo, akapunguza gabapentini, akaanza mofini kwa dozi ndogo kuliko tulivyotarajia, na akaeleza kwa nini. Kisha akaweka kalamu chini na kuuliza swali ambalo mara ya kwanza hakuna aliyetuuliza: "Usiku nani analala naye chumba kimoja?"

Mama akanyoosha mkono. Daktari akavuta kiti karibu naye, akamwomba aweke kiganja juu ya kifua cha mumewe, na wakaanza kuhesabu pamoja.