Mafunzo ya swingi ya Ben Hogan: yanamfaa nani, na yanamdhuru nani?

Ben Hogan wa Texas, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1912 na kufariki mwaka 1997, alishinda mashindano makuu tisa ya gofu. Matatu kati ya hayo aliyashinda katika mwaka mmoja wa 1953: Masters, U.S. Open na The Open kule Carnoustie, Scotland, miaka minne tu baada ya gari lake kugongana na basi na kumvunja mifupa kadhaa. Mwaka 1957 alitoa masomo matano kuhusu swingi, yaani mwendo mzima wa kupiga mpira kwa fimbo, kwanza katika jarida la Sports Illustrated, kisha kama kitabu chenye michoro ya Anthony Ravielli. Hadi leo masomo hayo yanafundishwa, yanabishaniwa, na yanaigwa na watu ambao hawajawahi kumwona Hogan akipiga hata mpira mmoja.

Wapo walimu wanaosema hapo ndipo pa kuanzia kwa kila mchezaji. Wapo wengine wanaosema masomo hayo yameharibu swingi za watu wengi kuliko yalizotengeneza. Pande zote mbili zina hoja, na kinachozitenganisha ni jambo moja ambalo msomaji hulipita haraka: Hogan alijijenga kwa kupambana na mpira unaopinda kushoto kwa nguvu, tatizo lililomsumbua miaka mingi ya mwanzo. Wengi wanaomfuata wana tatizo la upande wa pili, slaisi, yaani mpira unaopinda kulia. Wanameza dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao. (Maelezo yote hapa ni ya anayepiga kwa mkono wa kulia, wa kushoto ageuze.)

Ili kupima uzito wa hoja hiyo, ni lazima kwanza ieleweke kinachoupinda mpira. Zamani wachezaji na walimu wengi waliamini kwamba mpira huanza kuelekea fimbo inakokwenda, kisha hupinda kuelekea uso wa fimbo unakotazama. Mitambo ya rada kama TrackMan imeonyesha vinginevyo. Mwelekeo wa kuanzia hutokana zaidi na uso wa fimbo wakati wa kugusa mpira: takriban robo tatu kwa aironi (fimbo za kichwa cha chuma, zenye namba), na zaidi ya hapo kwa dreva (fimbo ndefu ya kupigia mbali). Kupinda hutokana na tofauti kati ya uso huo na njia ya fimbo. Uso ukitazama kulia kwa njia, mpira hupinda kulia. Ukitazama kushoto kwa njia, hupinda kushoto. Hilo ni kweli pale mpira unapogongwa katikati ya uso. Ukigongwa kwenye ncha au karibu na shingo ya fimbo, hasa kwa dreva, hesabu hubadilika.

Sasa tuutazame mshiko wake. Katika mkono wa kushoto, fimbo hulala ikipita kwenye kidole cha shahada na kukaa chini ya nyama nene ya kisigino cha kiganja, na vidole vitatu vya mwisho ndivyo vinavyobana. Mkono wa kulia hushika kwa vidole, si kwa kiganja. Vidole viwili vya katikati ndivyo vyenye kazi kubwa, na kidole cha mwisho hukaa kwenye mfereji kati ya kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kushoto. Mpaka hapo ni mafundisho mazuri kwa mtu yeyote. Tatizo liko kwenye pembe. Mfano wa herufi V unaoundwa na kidole gumba na cha shahada, Hogan aliuelekeza kwenye jicho la kulia kwa mkono wa kushoto, na kwenye kidevu kwa mkono wa kulia. Huo ni mshiko dhaifu, maana yake mikono imegeuzwa kuelekea kushoto juu ya mpini. Mshiko wa namna hiyo huuchelewesha uso wa fimbo kufunga. Kwa mtu ambaye uso wake hufunga upesi mno, huo ni ukombozi. Kwa mwenye slaisi, uso wake ambao tayari uko wazi huzidi kuachwa wazi.

Hogan mwenyewe alilijua hilo. Mwaka 1955 jarida la Life lilichapisha kile kilichoitwa siri yake: mkono wa kushoto ugeuzwe zaidi kuelekea kushoto kwenye mpini, na kifundo cha mkono huo kikunjwe kwa nyuma fimbo inapofika kileleni, ili uso ufunguke na usiweze kufunga kupita kiasi hata apige kwa nguvu kiasi gani. Alionya hapohapo kwamba siri hiyo ingemharibu mchezaji dhaifu. Onyo hilo lingefaa kurudiwa kila mara mshiko wake unapofundishwa.

Wanaomtetea wana jibu, nalo ni zito. Wanasema mshiko dhaifu haukukusudiwa kusimama peke yake. Katika somo la nne anaeleza kwamba wakati wa kugonga, mfupa wa kifundo cha mkono wa kushoto uelekee shabaha, na kiganja cha mkono huo kianze kugeuka kutazama juu. Kitendo hicho hufunga uso na kupunguza mwinuko wake, na ndicho kilichoifanya mipira yake ya aironi iruke chini na kwa nguvu. Kwa hiyo mshiko unafungua, kifundo kinafunga, na mwili unaozunguka kwa kasi unazuia kifundo kisifunge kupita kiasi. Vipande vitatu, kila kimoja kikimzuia mwenzake. Anayechukua mshiko na kuacha kifundo atapiga kulia. Anayechukua kifundo akiwa na mshiko wenye nguvu, yaani mikono imegeuzwa kuelekea kulia juu ya mpini, na nyonga zilizosimama atapiga mpira wa chini unaopinda kushoto. Kwa maoni yangu, hapa watetezi wako sahihi kuhusu Hogan na wanakosea kuhusu wanafunzi: mchezaji anayepata nafasi ya kufanya mazoezi mara moja kwa wiki hawezi kubeba vipande vyote vitatu, na hakuna sababu ya kumtaka avibebe.

Kuhusu namna ya kusimama, ubishi ni mdogo. Miguu upana wa mabega kwa aironi ya 5, ipanuke kwa fimbo ndefu na ikaribiane kwa fupi. Mguu wa kulia ukae pembe mraba na mstari wa shabaha, wa kushoto ugeuzwe nje kwa robo ya pembe hiyo, yaani nyuzi 22 hivi. Sehemu za juu za mikono ziguse kifua, viwiko vikaribiane na vielekee mifupa ya nyonga. Faida yake ni kwamba mikono na kifua husafiri pamoja. Fimbo haichukuliwi na mikono pekee. Mtu akiweka taulo kupita kifuani na kwapani pande zote mbili na kupiga mipira kwa nusu swingi bila kuiangusha, atahisi mara moja anachokisema Hogan. Kwa swingi kamili taulo hilo liondolewe, la sivyo hubana mikono na kufupisha kila kitu. Kitu kimoja cha kuangaliwa ni ule mguu wa kulia uliowekwa pembe mraba. Unazuia nyonga zisizunguke sana wakati wa kwenda nyuma, naye Hogan alitaka hivyo: nyonga nyuzi 45 dhidi ya mabega nyuzi 90. Mwenye mgongo mgumu au umri mkubwa hafiki 90 akiwa amezuiwa hivyo. Huishia kuinuka, au kukunja kiwiko cha kushoto ili ajione amefika. Mtu huyo auelekeze nje mguu wa kulia kidogo na aache nyonga zizunguke zaidi. Umbali atakaoupoteza ni mdogo kuliko maumivu atakayoyaepuka.

Nyonga wakati wa kushuka ndizo zinazoleta madhara makubwa zaidi. Hogan anasema kupeleka fimbo nyuma huanza kwa mikono, ikifuatiwa na mabega, kisha nyonga. Kushuka hugeuza mpangilio huo, nyonga zikianza kwa kuzunguka kuelekea kushoto. Sentensi hiyo imekaririwa na kila mtu. Isiyokaririwa ni ile inayoambatana nayo: nyonga zisogee pia mbele kiasi cha kutosha kupeleka uzito kwenye mguu wa kushoto. Ukitazama filamu zake, msogeo huo unaonekana wazi, na unaanza kabla fimbo haijamaliza kwenda nyuma. Yeye aliuhisi kama mzunguko, ndiyo maana aliuandika kama mzunguko.

Msomaji anayezungusha nyonga papo hapo, uzito ukiwa bado kulia, hupata matokeo yanayojirudia kwa karibu kila mtu. Bega la kulia linavutwa kwenda nje kuelekea mpira, fimbo inashuka kutoka nje ya mstari na kukata kuelekea kushoto, na alama ya udongo baada ya mpira inaelekea kushoto kwa shabaha. Uso ukiwa wazi kwa njia hiyo, ni slaisi. Ukiwa umelingana na njia, mpira unakwenda kushoto moja kwa moja. Wengine nyonga zao husukumwa kuelekea mpira badala ya kuzunguka, kiuno kinanyooka mapema, na mpira unagongwa na shingo ya fimbo. Kisha mtu huyo anaambiwa azungushe nyonga kwa kasi zaidi, na hali inazidi kuwa mbaya.

Tiba yake ni ya mpangilio. Weka miguu pamoja, peleka fimbo nyuma, na kabla haijafika kileleni piga hatua ya mguu wa kushoto kuelekea shabaha. Mguu ukishatua ndipo ugonge. Fanya kwanza bila mpira, kisha kwa aironi ya 8 na nusu nguvu. Hatua hiyo hulazimisha uzito utangulie, na mzunguko hufuata wenyewe. Dalili kwamba imekaa ni alama ya udongo inayoanza mbele ya mahali mpira ulipokuwa, si nyuma yake. Vilevile ile kauli ya Hogan kwamba angetamani kuwa na mikono mitatu ya kulia ya kupigia ina maana kwa mtu ambaye uzito wake umekwisha kufika kushoto. Kwa ambaye haujafika, kupiga kwa mkono wa kulia ni kuifungua pembe ya kifundo mapema na kugonga udongo nyuma ya mpira.

Somo ambalo mwenye slaisi angefaidika nalo zaidi, ajabu, ndilo analolielewa vibaya. Hogan aliwataka wasomaji wawazie kioo kikubwa, kama cha dirisha, kilichoinama kutoka kwenye mpira hadi kupita juu ya mabega, akataka mikono isikivunje wakati wa kwenda nyuma. Wengi hudhani mikono ilale juu ya kioo, wakaifanya swingi kuwa ya chini mno. Alichosema ni kukaa chini yake bila kukivunja. Halafu akaongeza kwamba wakati wa kushuka kioo hubadilika: hulala zaidi, na huelekea kidogo kulia kwa shabaha. Hilo ndilo linaloleta fimbo kutoka ndani, yaani upande wa mwili wa mchezaji, dawa halisi ya anayekata mpira. Sharti lake ni uso wa fimbo utengenezwe kwanza, maana njia ya ndani pamoja na uso ulio wazi huanzisha mpira kulia na kuuzidisha kulia.

Kuhusu mahali pa mpira, Hogan aliuweka karibu palepale kwa fimbo zote, sentimita moja hadi mbili na nusu ndani ya kisigino cha kushoto, akibadilisha mguu wa kulia tu. Hilo linafanya kazi kwa anayehamisha uzito vizuri kila mara. Asiyeweza, aironi zake fupi zitagonga udongo kwanza. Asogeze mpira karibu na katikati. Dreva za leo zenye vichwa vya titani hadi sentimita za ujazo 460, pamoja na mipira isiyozunguka sana, hulipa zaidi fimbo inapogonga ikiwa inapanda, jambo ambalo vifaa vya mbao vya wakati wake havikulidai kwa kiasi hicho.

Kuna pingamizi jingine, lisilohusu pembe wala nyonga. Mafunzo ya Hogan yanaelekeza akili kwenye viungo vya mwili. Utafiti wa Gabriele Wulf na wenzake wa mwaka 1999 uliwapa wanaoanza mazoezi ya mipigo mifupi ya gofu. Walioambiwa wafikirie mwendo wa fimbo walilenga vizuri kuliko walioambiwa wafikirie mikono yao. Ernest Jones, mwalimu Mwingereza aliyepoteza sehemu ya mguu katika Vita Kuu ya Kwanza na kuendelea kucheza vizuri, alikuwa ameifikia njia hiyo mapema, akifundisha watu wahisi kichwa cha fimbo tu. Naye John Jacobs, mwalimu mwingine Mwingereza, alianza na safari ya mpira, kisha akarudi nyuma kutafuta chanzo. Nadhani hapa Hogan anapaswa kukubali kushindwa uwanjani, lakini si mazoezini. Umbo la mshiko na la kusimama haliji kwa kufikiria kichwa cha fimbo. Hujengwa mbele ya kioo cha kujitazama, polepole, kiungo kwa kiungo.

Kwa hiyo anayetaka kumtumia Hogan aanze na mipira 20 ya aironi ya 6, aandike kila mmoja ulianzia wapi na ulipinda wapi, huku amepaka poda ya miguu kwenye uso wa fimbo ili aone ulipogonga. Mipira mingi ikipinda kulia, ageuze mkono wa kushoto kulia juu ya mpini mpaka aone mafundo mawili au matatu ya vidole na V ielekee bega la kulia. Achukue kusimama kwa Hogan, viwiko vyake na kioo chake cha kushuka, aache mshiko wake na siri ya 1955. Ikipinda kushoto kwa nguvu, huyo ndiye mwanafunzi ambaye Hogan alikuwa akimwandikia, na auchukue mshiko mzima. Ikienda kila upande, asiguse mshiko bado. Ajirekodi video kutoka nyuma ya mstari wa shabaha na kutoka mbele, kwa sababu tatizo lake huenda ni mahali anapogonga kwenye uso wa fimbo, na hilo hurekebishwa kwa umbali wa kusimama na uzito wa miguuni kabla ya jambo jingine lolote.