Dawa ya Kuchimba Dawa

Siku ya tatu kwenye njia ya Machame, ya kupanda Mlima Kilimanjaro, ni ya kuzoesha mwili. Mnatoka Shira, mita 3,800 na ushee, mnapanda hadi Lava Tower, mita 4,600 na ushee, mnakula, halafu mnashuka kulala Barranco, kimo karibu kile kile mlichoamkia. Mwenye akili timamu angeuliza si bora tungebaki tu. Mimi sikuuliza, nilikuwa natafuta pa kuchimba dawa.

Nilikuwa nachimba tangu alfajiri, kila baada ya dakika ishirini. Kule juu miti imekwisha, na jiwe la kumsitiri mtu mwenye kitambi changu halipatikani hovyo. La saba lilikuwa mbali na njia. Nikiwa bado nahangaika na zipu za suruali tatu, ukungu ukashuka, hata mikono yangu siioni vizuri.

Nikarudi njiani nahema, nikakuta mstari wa watu, nikajipachika nyuma ya koti la bluu la shemeji, kaka wa mke wangu. Mwongozaji alishatuonya: usitazame kilele, tazama visigino vya aliye mbele. Basi nikatazama visigino.

Hapo ndipo vidole vilipoanza. Ganzi, kisha sisimizi, wakapanda mpaka midomoni. Nikajua ndiyo basi tena.

"Shem," nikaviambia vile visigino, "mimi sifiki."

"Pole pole!"

"Nisikilize. Ule mchango wa harusi yako, laki mbili. Nilisema nimempa mweka hazina mkononi. Sikumpa. Ndiyo hivi viatu nilivyovaa."

"Hakuna matata!"

Machozi yakanilenga. Namwambia nimekula harusi yake, ananijibu hivyo! Nyuma yetu mgumu mmoja, yaani mbeba mizigo, mwenye trei za mayai kichwani akaomba njia, akapita. Nikasogea karibu zaidi.

"Na dada yako asijue, tafadhali."

"Poa! Jambo!"

Ile jambo ndiyo iliyonishtua. Koti la bluu likageuka: mzee wa Kizungu, ndevu nyeupe mpaka kifuani, ananipa pipi.

Lava Tower mwongozaji wao akahesabu watu kwa fimbo. "Nimetoka na tisa. Huyu wa kumi ametoka wapi?" Nikakaa juu ya jiwe kama mzigo uliosahaulika stendi, mpaka kundi langu likatokea, shemeji sauti imemkauka kwa kuniita kwenye kila mwamba.

Nikamnyooshea mwongozaji wetu vidole vyangu.

"Kichwa kinauma?"

"Hapana."

"Umetapika?"

"Hapana."

"Umemeza Diamox, vile vidonge vya kuzuia ugonjwa wa mwinuko?"

"Asubuhi na jana usiku."

"Basi ndiyo yenyewe, kaka. Inakojosha, na vidole inavitia ganzi. Hufi leo. Kunywa maji."

Maji tena!

Nikashuka kwenda Barranco kati ya ile misenesio, mimea ya mlimani mirefu kama watu waliovaa makoti ya majani makavu, nikipiga mluzi. Siri yangu ilikuwa kwa mzee asiyejua Kiswahili zaidi ya maneno sita. Nani angeitoa?

Usiku mgumu wetu akaleta maji ya kunawa hemani. Kijana mcheshi, ndiye anayebeba mayai. Taa yake ya kichwani ikapita usoni kwangu, haikusimama. Ikashuka miguuni, ikaganda hapo. Kule kwenye ukungu nilikuwa nimejifunika kofia mpaka puani, sura hakuiona. Viatu aliviona.

"Aisee," akasema, "kumbe viatu vya harusi ni hivi?"

Shemeji alikuwa anavua soksi. Akaacha.

Kesho yake ni Ukuta wa Barranco, ule wa kupanda kwa mikono na miguu. Shemeji akaomba akae nyuma yangu. Saa nzima na zaidi hakusema neno, macho kwenye visigino vyangu tu, isipokuwa kila nilipoteleza na ncha ya kiatu ikakwaruza mwamba.

"Taratibu, shem. Unachubua mchango wangu."